Wanne tuliokula jodari tuliwashwa mwili mzima: je, tuna aleji, na samaki mbichi tutampata wapi safari hii?

*“Mtaalamu, habari za kazi. Agosti mwaka jana tulikwenda Paje, Unguja, mimi, mume wangu na watoto watatu. Siku ya pili kijana mmoja wa ufukweni alituletea vipande vya jodari saa nane mchana, akasema ametoka baharini muda ule ule. Nilivikamulia ndimu, nikavikaanga mpaka vikakauka. Haikupita nusu saa, wanne tuliokula nyuso zinawaka moto, tunawashwa, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Mtoto wa mwisho aliyekula chipsi tu hakupata kitu. Duka la dawa walitupa vidonge vya mzio, wakasema tuna aleji ya samaki wa bahari. Agosti hii tunarudi, mara hii Jambiani, siku sita, nyumba yenye jiko na friji. Sisi ni watu wa Dodoma, tumezoea sato na sangara. Je, samaki wa bahari tuache kabisa? Kama tutakula, tutamjuaje aliye mbichi na tununue wapi? Nasikia pia wengine huwapaka dawa ya maiti ili nzi wasitue. Na tunaweza kubeba kidogo kurudi nacho nyumbani?”*

Dada, tuanze na hiyo aleji, maana naona ndiyo inayokutia hofu zaidi. Mzio humchagua mtu. Ni nadra sana watu wanne walioketi meza moja, wawili kati yao wakiwa mke na mume wasio na undugu wa damu, kupatwa kwa mpigo na mzio wa kitu kile kile, mara ya kwanza, ndani ya nusu saa. Waliokula wote wakiugua na asiyeonja akabaki mzima, wa kushukiwa ni samaki mwenyewe. Dalili ulizozitaja, yaani uso kuwaka, kuwashwa, kichwa na moyo kwenda mbio, ni zile zile za sumu ya histamini. Vidonge vya mzio kama viliwasaidia, ni kwa sababu vinazuia histamini, iwe imetengenezwa na mwili wako au imeingia na chakula. Kupata nafuu kwa vidonge hivyo hakuthibitishi kwamba mna aleji.

Hata hivyo mimi nasoma barua tu. Kabla ya safari nenda kwa daktari, mweleze mkasa kama ulivyonieleza, ukianza na hilo la nani alikula na nani hakula. Kama tangu siku ile mmeshakula nguru, vibua au dagaa wa bahari bila shida, mwambie pia. Hiyo ni habari kubwa. Na kama kuna mmoja wenu ana pumu, au ndiye pekee aliyewahi kusumbuliwa na samaki siku nyingine, huyo asijaribu tena kabla hajapimwa.

Sasa sumu yenyewe ilitoka wapi? Jodari, sehewa, nguru, vibua na dagaa wana kitu kiitwacho histidini kwa wingi katika nyama yao. Samaki akiwa hai haina madhara. Akishakufa, bakteria waliokuwa kwenye matamvua na utumbo huingia mwilini na kuigeuza histidini kuwa histamini. Kinachoamua kasi ya kazi hiyo ni joto. Kwenye barafu inakaribia kusimama. Kwenye nyuzi 30, ambayo ni hali ya kawaida ya mchana wa pwani, saa chache zinatosha kumfanya samaki mzuri kabisa kuwa wa kukupeleka hospitali. Jodari ana la ziada: ni mnene, damu yake ina joto kuliko samaki wengi, na akipapatika kabla ya kufa joto hilo hubaki ndani ya mwili kwa muda mrefu.

Histamini ikishajitengeneza haiondoki. Hukuikosea kwenye kikaango: kukaanga mpaka vikauke, kuchemsha, kuvukiza kwa moshi, kugandisha, hata kopo la kiwandani, vyote haviigusi. Ndimu nayo huondoa shombo tu. Tena samaki mwenye histamini nyingi anaweza asinuke hata kidogo. Ishara moja ambayo hujitokeza, si kila mara, ni ulimi kuchomachoma kama umeonja pilipili au chuma ambacho hukukitia kwenye chungu. Mkihisi hivyo tena, temeni, na sufuria nzima imwagwe.

Yule kijana huenda hakuwadanganya. Tufuate jodari mmoja hivi. Jarife, yaani wavu mrefu unaoachwa majini unase samaki, linashushwa wakati wa Magharibi. Samaki ananasa saa nne usiku na kufa humo humo, kwenye maji ya uvuguvugu. Wavuvi wanavuta nyavu alfajiri, wanamlaza sakafuni mwa boti pasipo barafu. Anafika diko, yaani pale boti zinaposhusha samaki, saa mbili asubuhi, ananadiwa, anakatwa, vipande vinazungushwa ufukweni kwenye ndoo chini ya jua. Saa nane mchana anawafikia ninyi. Ni kweli “ametoka baharini leo”, lakini ana saa 16 tangu afe na hakuna hata moja aliyopitia penye baridi. Mwenzake aliyetumbuliwa na kufukiwa kwenye barafu dakika aliponaswa, akakaa siku tatu, ni salama na mtamu kuliko yeye kwa mbali.

Kwa hiyo uondoe kichwani lile wazo kwamba barafu ni dalili ya samaki wa zamani. Watu wengi wa bara hufika pwani wakilikimbia deli, yaani sanduku la barafu, na kumfuata aliyetandikwa mezani akimeremeta maji. Fanyeni kinyume. Anayemeremeta amemwagiwa maji ya bahari kila dakika tano, basi. Badala ya kuuliza “ni wa leo?”, ambalo jibu lake mnalijua kabla hamjauliza, ulizeni amevuliwa kwa zana gani na amekaa wapi tangu atoke majini. Samaki wa mshipi alipandishwa akiwa hai, mara nyingi utaona jeraha la ndoana mdomoni. Wa dema, ule mtego wa kufumwa, pia hutolewa mzima. Wa jarife ndiye mwenye mashaka, na hasa akiwa wa jamii ya jodari.

Agosti ni kusi, msimu wa upepo wa kusini. Upepo unapiga moja kwa moja upande wa mashariki na kusini mwa Unguja, ambako ndiko Jambiani, na nje ya mwamba bahari huwa nzito kwa ngalawa. Wavuvi wengi wa pale wanabaki ndani ya mwamba, na huko wanachokipata ni changu, tasi, pono, ngisi na pweza. Habari njema kwenu ni kwamba hawa wa mwambani hawana lile tatizo la histamini kama jodari, na wengi wanafika nchi kavu saa chache tu baada ya kunaswa. Kwa hiyo ushauri wangu wa wazi: kwa siku hizo sita kuleni samaki wa mwambani, jodari na nguru waachieni msimu wa Kaskazi, upepo wa kaskazini. Mkimtamani sana, mfuateni penye barafu, yaani soko la Malindi mjini Unguja, au Mkokotoni na Nungwi huko kaskazini, na mnunue akiwa mzima ili mkate wenyewe.

Kisha tazameni mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hupwa sana, na pwani ya Unguja kina cha kupwa kwa bamvua hufika mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hapo ndipo akina mama na vijana wa Jambiani wanatembea mpaka mwambani na vijiti vyao kutafuta pweza, wakirudi maji yanapoanza kujaa. Mkisimama njia wanayopandia baina ya saa sita na saa saba mchana mtamwona pweza akiwa bado anabadilika rangi mkononi. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, pweza ni wachache, na anayeuzwa yaweza kuwa ametoka friza. Vipo pia vijiji visiwani vinavyofunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Mkiambiwa hapa pamefungwa, msishawishi mtu awaibie. Na aliye chini ya nusu kilo mwacheni, bado mtoto.

Mwezi huo huo unaamua dagaa. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali msitarajie wengi. Na Ijumaa wavuvi wengi hupumzika au hurudi mapema kwa ajili ya swala, nunueni Alhamisi.

Haya, samaki mbele yenu. Mtu wa sato tayari ana nusu ya ujuzi, kwa hiyo nitasema yale yanayokosewa. Macho si kipimo cha kuaminika peke yake. Jicho lililogusana na barafu hupata ukungu hata kama samaki ni mzuri, na wapo samaki ambao jicho hubaki angavu nyama ikiwa imeshachoka. Anzeni na matamvua: inueni kifuniko cha shavu. Yawe mekundu au waridi iliyokoza, utelezi wake mwepesi na wazi. Yakiwa ya kahawia au kijivu, utelezi umekuwa kama uji, mrudisheni. Yakiwa yamekatwa yote, jiulizeni kwa nini muuzaji alihangaika. Baadaye bonyezeni kwa kidole gumba sehemu nene ya mgongo, mhesabu moja mbili. Shimo likibaki, nyama imelegea. Halafu tumbo. Vibua na dagaa ndio wa kwanza kupasuka, na mbavu zikianza kujitenga na nyama ndani ya tumbo, siku zake zimepita. Harufu iwe ya mwani na maji ya chumvi. Samaki aliyekakamaa kama ubao, mkia umenyooka ukimshika kichwa, huyo hajapita saa nyingi, au amehifadhiwa vizuri.

Vipande vilivyochunwa ngozi msinunue kabisa ufukweni. Kipande hakina matamvua, hakina jicho, hakina tumbo, na wala hakikwambii ni samaki gani. Ninyi wa sangara mnajua mnofu mweupe unavyoweza kuitwa jina lolote.

Pweza mzuri ana ngozi ya kahawia yenye madoa, na vikombe vyake vinang’ang’ania kidole. Akigeuka waridi na ngozi kutoka kwa urahisi, amekaa. Ngisi awe mweupe wa kupenyeza mwanga na vidoa vinavyochezacheza. Nyama ikishaingia uwaridi au zambarau msimchukue. Kaa na kamba koche, wale kamba wakubwa wa mwambani, wanunuliwe hai tu. Mnyanyueni kamba koche: mkia ukijikunja kwa nguvu ni mzima, ukining’inia ni maiti. Mwenye mayai chini ya tumbo mwacheni arudi baharini. Kamba wa kawaida wanapenda matope ya midomo ya mito kama delta ya Rufiji; mchanga mweupe wa matumbawe wa Jambiani si makao yao. Anayewaambia “kamba wa hapa hapa, wa leo” anachangamsha genge. Hawawi wabaya kwa kuwa wametoka mbali, ila tazameni vichwa: vikiwa vyeusi au vinachomoka, waacheni.

Dawa ya maiti, yaani formalini. Kukosekana kwa nzi hakuthibitishi chochote. Kusi inapovuma nzi hawatui popote, na samaki wa barafuni nao hawawavutii. Samaki mgumu kama mpira, asiye na harufu hata ya bahari, au mwenye harufu inayochoma pua, mwacheni. Zaidi ya hapo hakuna kipimo cha jikoni cha kuamini. Lakini samaki wa saa tatu kutoka mwambani hana sababu ya kutiwa dawa, na ukweli ni kwamba joto linawaumiza wageni wengi kuliko formalini.

Kununua kwenyewe. Mwulizeni mwenyeji wenu diko liko wapi na boti huingia lini. Mara nyingi ni baina ya saa moja na saa nne asubuhi, lakini maji ndiyo yanayopanga. Kwenye mnada dalali huwauzia wachuuzi kwa kasi na lugha yake, na mgeni akinyanyua mkono hovyo hujikuta na fungu asilolihitaji. Simameni pembeni, muone fungu limeangukia bei gani, kisha zungumzeni na mchuuzi aliyelinunua. Mwongezeeni faida yake, mtakuwa mmelipa haki. Au mpeni mwenyeji pesa awanunulie. Papasi, yaani kijana anayewafuata wageni kutafuta kamisheni, akijitolea kuwasindikiza, jueni kamisheni yake imo ndani ya bei. Changu wadogo huuzwa kwa mtungo, wakubwa kwa kipande au kilo. Kwa kilo, ombeni mizani muione inaanzia sifuri.

Kwa watu watano, kilo mbili za changu wazima zinatosha mlo mmoja, maana ukishapaa na kutumbua, ukatoa kichwa na mifupa, unabaki na kama nusu. Pweza hesabuni kilo mbili na nusu. Jikoni hunywea vibaya sana. Nendeni na deli dogo, na chupa za maji za lita moja na nusu mlizogandisha frizani mapema. Kanuni ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Samaki wakae kwenye mfuko, maji ya barafu yachuruzike, wasielee humo. Mpaaji wa pale pale akiwatumbulia, mkae mbele yake, na matumbo yasuuzwe kwa maji safi nyumbani, si yale ya ndoo iliyotumika tangu alfajiri. Vibua wapikwe siku ile ile. Changu aliyetumbuliwa, kwenye barafu ndani ya friji, atawangoja mpaka kesho yake bila neno. Mlango wa friji hauna baridi ya kutosha. Umeme ukikatika usiku, msianze kubahatisha asubuhi: kama barafu imeyeyuka yote na samaki ana uvuguvugu, mtupeni.

Mkichoka kupika, mgahawa ni sawa, na kwa Agosti mara nyingine ni bora kuliko kuhangaika. Piteni asubuhi mwulize kilichoingia, mwoneshwe samaki mzima mwenye kichwa, mwagize wa jioni. Orodha fupi yenye “kinachopatikana leo” naiamini kuliko kurasa nane zenye kila kiumbe cha bahari mwaka mzima. Mkipita Forodhani mjini, penye soko la chakula la usiku, fikeni mara baada ya Magharibi na mchague kinachopikwa kikiwa kibichi mbele yenu; mishikaki iliyoiva zamani na kupashwa mara ya tatu muipite hata mwuzaji awe mcheshi vipi.

Viko viwili msivyoonja hata mkikaribishwa nyumbani kwa watu. Bunju, samaki anayejifura, ana sumu inayopoozesha pumzi na haina dawa ya kuitengua. Kasa ni haramu kisheria, na nyama yake huua: Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kuila, na mwaka 2021 watu saba walikufa Pemba hiyo hiyo. Kupika hakusaidii, na mama anayenyonyesha akiila, sumu humfikia mtoto.

Dalili za mwaka jana zikirudi, acheni kula na mhifadhi kipande kilichobaki. Uso kuwaka na kuwashwa peke yake kwa kawaida huisha ndani ya saa chache hadi siku moja, na vidonge vya mzio husaidia. Msisubiri hata dakika iwapo mtu anapumua kwa shida, midomo au ulimi unavimba, anaishiwa nguvu, au mdomo na vidole vinakufa ganzi. Kutoka Jambiani iko hospitali ya Makunduchi; mjini ni Mnazi Mmoja, kama saa moja hivi kwa gari. Ulizeni siku ya kwanza mnayofika ni gari la nani linapatikana usiku.

Na wa kubeba Dodoma: inawezekana. Msichukue vibua wala jodari mbichi. Chukueni changu au pweza, muwasafishe, muwafunge vipande bapa na kuwagandisha kwa usiku mbili mfululizo. Friza dogo la nyumba ya wageni haligandishi bonge kwa usiku mmoja. Siku ya safari wapangeni deli lote lijae, nafasi iliyobaki jazeni chupa za barafu, mzibe kifuniko kwa utepe wa gundi na msikifungue kwenye boti wala kwenye treni. Mkifika, wakiwa bado wagumu rudisheni frizani. Waliolainika lakini baridi kama barafu pikeni usiku huo. Kama hamtaki shughuli hiyo, nunueni ng’onda (samaki aliyepasuliwa na kukaushwa) wa nguru au papa mkavu: awe mkavu mpaka katikati, agonge kama kibao, asinate mkononi, na mumfunge kwa karatasi badala ya plastiki asije akafanya ukungu njiani.